FALSAFA NAYO INA LUGHA YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemfundisha baba yetu Adam (A.S.) majina ya vitu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyepewa maneno machache yenye kukusanya maana nyingi, pamoja na Ahli zake, Masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu,

Jambo hili limekuwa la kawaida katika misikiti yetu. Darasa la baada ya Maghrib limekwisha, sheikh anafunga kitabu chake, na kijana aliyekaa nyuma karibu na nguzo ananyosha mkono. Ni mtoto wa msikiti huo huo. Juzuu Amma aliihifadhi hapo hapo, kisha akaenda chuo kikuu. Anauliza: "Sheikh, kimantiki, kuwepo kwa Mungu kunathibitishwa vipi?" Msikiti unanyamaza, wazee wanatazamana. Sheikh anajibu: "Hiyo ni falsafa, na falsafa ni upotofu. Mche Mungu, mwanangu." Kijana anainamisha kichwa. Ijumaa inayofuata haonekani, wala ile ya baada yake.

Barazani watu hugawanyika. Wako wasemao kuwa sheikh ameihami dini. Na wako wasemao kuwa sheikh ameshindwa, kwani falsafa ndiyo akili tupu, nayo akili haina kabila wala dini, na kila jambo, hata Wahyi, sharti lipite mbele yake kama mshitakiwa apitavyo mbele ya hakimu.

Sisi tunasema: makundi yote mawili yamekosea, na yamekosea pahala pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, falsafa ni nini? Mantiki ni nini? Na yule kijana aliposema "kuthibitisha" alikusudia nini?

Dai letu katika makala haya ni hili. Falsafa haikushuka kutoka mbinguni ikiwa haina lugha. Imezaliwa katika ndimi za watu, na imebeba maneno yao pamoja na mazoea ya maneno hayo. Kwa hiyo haina haki ya kukalishwa kitini kuuhukumu Wahyi. Wala haistahiki kukimbiwa kama jini. Inastahiki kuulizwa maana ya maneno yake, moja baada ya moja. Na asiyejua lugha hawezi kuiuliza.

KILUGHA NA KIISTILAHI

Kila aliyepita chuoni anaijua njia hii, ijapokuwa pengine hajui kuwa anaijua. Ulipofungua mlango wa Sala katika kitabu cha fiqhi, mwalimu alikwambia kwamba Sala kilugha ni dua, na kisheria ni ibada maalumu yenye maneno na vitendo, ambayo hufunguliwa kwa takbiri na kufungwa kwa salamu. Saumu kilugha ni kujizuia. Kisheria ni kujizuia na mambo maalumu katika wakati maalumu. Kwa nini walimu wetu walijitaabisha hivyo katika kila mlango? Kwa sababu walijua ya kwamba neno moja huweza kubeba mizigo miwili, na mwenye kuichanganya huiharibu hukumu.

Basi na tuitendee falsafa vivyo hivyo. Kilugha, neno hili asili yake si Kiswahili wala Kiarabu. Ni la Kiyunani, limeungwa kwa maneno mawili, kupenda na hekima. Waarabu walilichukua wakalitamka kwa ulimi wao, nasi tukalipokea kutoka kwao. Kiistilahi, ni kutafuta kwa fikra na hoja asili ya mambo: kipi kipo kweli, kipi chaweza kujulikana, na kipi ni chema. Ama mantiki, ni zile kanuni ambazo wanafalsafa hupimia hoja. Na tazama asili ya majina yake! Mantiki kwa Kiarabu imetokana na nutki, yaani utamkaji. Kwa Kiyunani jina lake limetokana na neno logos, ambalo lina maana ya neno na vilevile maana ya hoja. Hata kabla ya ubishi kuanza, jina lenyewe linatoa ushahidi kuwa kufikiri na kusema ni ndugu wa karibu mno.

MAJLISI YA BAGHDAD

Suala hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 4 ya Hijra, sawa na karne ya 10 Miladia, lilijadiliwa Baghdad mbele ya Waziri Ibn al-Furat. Abu Hayyan at-Tawhidi ametuhifadhia habari zake katika kitabu chake al-Imta' wal-Mu'anasa.

Upande mmoja alikuwapo Matta bin Yunus, Mkristo wa madhehebu ya Nestori na bingwa wa mantiki katika mji ule. Dai lake lilikuwa kwamba hakuna njia ya kuijua haki na batili, wala kweli na uongo, isipokuwa kwa mantiki. Waziri akawataka waliohudhuria wamjibu. Wakainamisha vichwa. Ndipo akasimama Abu Said as-Sirafi, mwanachuoni wa nahau aliyekisherehesha kitabu cha Sibawayhi. Nasaba yake ni ya Siraf, bandari ya Uajemi ambayo manahodha wake walikuwa wakiivuka bahari hadi nchi ya Zanji, yaani pwani yetu hii.

As-Sirafi alimwuliza: ikiwa mantiki iliwekwa na mtu wa Uyunani kwa kufuata lugha ya watu wake na istilahi zao, ni lipi linalomlazimisha Mturuki, Mhindi, Mwajemi na Mwarabu kuifanya kuwa hakimu wao? Matta akajibu kwamba mantiki huchunguza maana, na maana ni mamoja kwa mataifa yote. Akapiga mfano: nne na nne ni nane kwa kila kaumu.

Jibu hili lina nguvu, na wengi hadi leo hulitegemea. Lakini as-Sirafi hakuliachia. Lau kama mambo yote watu wayatafutayo yangekuwa wazi mfano wa nne na nne, alisema, hitilafu isingekuwapo. Mambo ambayo watu hutofautiana hayako hivyo, na maana zake hazifikiwi ila kwa lugha. Kisha akamkumbusha kuwa lugha ya Kiyunani yeye Matta mwenyewe haijui. Vitabu vile anavifasiri kutoka Kisuryani. Basi maana zimehama kutoka Kiyunani kwenda Kisuryani, na kutoka Kisuryani kwenda Kiarabu. Ni nani aliyedhamini kwamba hakuna kilichodondoka njiani?

Akamtahini katika Kiarabu chenyewe. Akamwuliza matumizi ya herufi moja tu, wau. Akamwuliza pia kuhusu mtu anayesema kuwa Zaidi ni mbora wa ndugu zake, na mwingine anayesema kuwa Zaidi ni mbora wa hao ndugu. Matta aliona sentensi zote mbili ni sahihi. As-Sirafi akambainishia kosa: ndugu za Zaidi ni watu wengine wasiokuwa Zaidi, na ukiulizwa ndugu zake ni nani hutamhesabu yeye mwenyewe; basi vipi awe mbora miongoni mwa watu ambao yeye hayumo? Bingwa wa kupima hoja alikuwa ameshindwa kuliona kosa la hoja, kwa kuwa lilijificha ndani ya lugha.

Uadilifu unatutaka tuseme mambo mawili. La kwanza, habari hizi zimetufikia kutoka upande wa mshindi, kwani at-Tawhidi alikuwa mwanafunzi wa as-Sirafi. La pili, Matta hakukosa yote. Lau maana zisingeweza kabisa kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine, sisi Waswahili tungeupataje ujumbe wa Qur'an? Maana huvuka, lakini huvuka kwa chombo, na chombo hukaguliwa.

SAFARI YA NENO "AKILI"

Msomaji huenda akauliza: ni madhara gani hasa yatokanayo na chombo kisichokaguliwa? Tutoe mfano mmoja, neno ambalo tunalo vinywani kila siku: akili.

Kwa Kiarabu, akl imetoka katika asili moja na ikali, ile kamba afungiwayo ngamia. Ni kitendo cha mtu kuifunga nafsi yake isitoroke. Na katika Qur'an tukufu jina hili halikutajwa hata mara moja kama jina. Kilichotajwa ni kitendo: wanatia akilini, hamtii akilini? Akili katika Qur'an ni kazi ambayo mja anatakiwa aifanye.

Kisha vikafasiriwa vitabu vya Wayunani. Neno lao lililokuwa na maana ya akili kama dhati iliyosimama peke yake, wafasiri walilivika nguo ya neno hili hili la Kiarabu. Juu ya msingi huo al-Farabi na Ibn Sina walijenga mafundisho ya akili kumi zilizopangana mbinguni, moja ikizaliwa na nyingine, ya kumi ikiwa ni akili tendaji, ambayo waliinasibisha na Jibril (A.S.). Mtu akisoma vitabu hivyo, kisha akafungua Qur'an na kukuta inasifu watumiao akili, hudhani kuwa Qur'an inasifu yale aliyoyasoma. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria (1328), aliliona hilo barabara. Alieleza kuwa akili katika lugha ya Waislamu si ile dhati wanayoikusudia wanafalsafa. Neno ni lile lile, nacho kilichobebwa ndani yake ni kingine kabisa!

Na tuzingatie jambo ambalo wapenzi wa Ibn Taymiyya, nasi tumo, hulisahau upesi. Hakuwajibu watu wa mantiki kwa kuwafukuza msikitini. Alivisoma vitabu vyao, akazijua istilahi zao, akaandika kitabu kizima cha kuwarudi. Kabla yake Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111), aliitumia faragha yake Baghdad kwa muda usiofika miaka miwili kuisoma falsafa, na alitunga kitabu cha kueleza makusudio ya wanafalsafa pamoja na kile cha kuwabomoa. Maimamu hawa wawili walikhitalifiana juu ya mantiki: al-Ghazali aliikubali kuwa chombo, Ibn Taymiyya aliikosoa hata katika misingi yake. Lakini hakuna kati yao aliyehukumu neno asilolielewa. Sheikh asemaye "hiyo ni falsafa" kisha akanyamaza, amemfuata imamu gani?

SWALI LILILOZALIWA KATIKA LUGHA NYINGINE

Kijana naye ana fungu lake la lawama. Anasoma kitabu cha Kiingereza, anakutana na swali: kwa nini Mungu amefanywa mwanamume? Anarudi nalo nyumbani kana kwamba ni swali la binadamu wote. Mwambie: hebu litafute katika Kiswahili chako. Sisi tunasema "Yeye", tunasema "amejua", "ameumba", na kiambishi hicho ni cha baba na mama, cha kaka na dada, hakigawi mume na mke. Hakuna mtoto wa Kiswahili ambaye angelizaliwa swali hilo moyoni kwa kusikia tu Mungu akitajwa. Ni swali la Kiingereza, lugha ambayo humlazimisha msemaji achague. Na Kiarabu, ambacho kina dhamiri ya kiume na ya kike, hulifanya jua kuwa la kike na mwezi kuwa wa kiume, wala hakuna Mwarabu aliyedhani kwamba jua lina tumbo la uzazi. Allah (S.W.) ametueleza kuwa hapana chochote mfano wake (42:11), na hapo sarufi zote hunyamaza.

La hasha, hatusemi kwamba kila swali litakufa likifasiriwa! Mama aliyemzika mwanawe mchanga akauliza kwa nini, swali lake lina maana katika Kiswahili, Kimakonde na Kichina. Lakini utawezaje kulijua swali la kweli na kulitenga na lile ambalo ni kivuli cha sarufi ya watu wengine, ikiwa hujapata kulitia katika lugha uliyonyonya?

KOSA LA UPANDE WA PILI

Wapo waliokimbia kosa la Matta wakaangukia kosa la kinyume chake. Matta aliona lugha si kitu. Hawa waliona lugha ni kila kitu. Mwaka 1945 padri Mbelgiji, Placide Tempels, aliyekuwa Kongo, alitoa kitabu kuhusu falsafa ya Kibantu. Mwaka 1956 padri wa Rwanda, Alexis Kagame, alikwenda mbali zaidi. Alizitazama ngeli za Kinyarwanda, lugha ambayo ni jamaa ya Kiswahili chetu, akaona kuwa ndani yake mna mafungu manne ya vyote vilivyopo: mtu, kitu, mahali na namna. Yaani sarufi ya lugha ndiyo falsafa ya wasemaji wake.

Lilikuwa jaribio la msomi hodari, na lilimheshimu Mwafrika katika zama ambazo wengi walimdharau. Lakini lipime kwa Kiswahili. Tunasema mti, miti. Na tunasema mungu, miungu. Je, babu zetu waliamini kuwa Mungu ni wa jinsi ya miti? Tunasema kipofu, kiziwi, kiongozi. Je, hawa ni vitu kama kisu na kikombe? Ulimi wenyewe unakataa, kwani husema "kiongozi amefika" wala hausemi "kimefika". Na tunaposema "Mungu yupo", kiambishi hicho cha mahali tunakitumia hata kwa kikombe kilichopo mezani. Hatutoi humo itikadi yoyote kuhusu dhati ya Allah (S.W.), itikadi tunaitoa katika Kitabu na Sunna. Lugha ni mlango wa kufikia maana. Anayeudhani mlango kuwa ndiyo nyumba, atalala nje.

TUJITAZAME WENYEWE

Ndugu zangu, tungeishia hapa makala yangefurahisha, kwa sababu waliolaumiwa wote ni wengine. Lakini islahi huanza nyumbani.

Ni maneno mangapi tunayarusha juu ya mimbari bila kuyapima? Manhaji, twaghuti, akida, bidaa. Khatibu huyataja, maamuma huitikia kwa vichwa, na kila mmoja hutoka na maana yake. Hili la bidaa ndilo lililotuumiza zaidi. Sayyidna Umar (R.A.) alipowakusanya watu wasali Tarawehe nyuma ya Ubayy bin Kaab (R.A.), alikiita kitendo kile bidaa kwa kukisifu. Maulamaa walieleza: alikusudia maana ya kilugha, kwa kuwa asili ya sala ile imo katika Sunna. Mwanafunzi aliyefundishwa kilugha na kiistilahi haoni tabu hapa. Asiyefundishwa, ama atamtuhumu Sahaba mtukufu, ama atafungua mlango wa kila uzushi. Na sisi tumeshuhudia misikiti ikigawanyika na watu wa ukoo mmoja wakikosa kuamkiana kwa ajili ya neno ambalo hakuna upande uliokaa ukalieleza.

Waliotutangulia katika islahi walilijua hili. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947, alikuwa bahari ya Kiarabu. Hata hivyo alipotaka kuuamsha umma alitoa magazeti yake, Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, akawasemesha watu kwa Kiswahili. Allah (S.W.) ametujulisha kuwa hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie (14:4). Na tunapochelewa kubainisha, wengine hutubainishia. Tafsiri ya Qur'an kwa Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1923 ilikuwa ya padri, Godfrey Dale. Ile kamili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilitoka mwaka 1969. Miaka 46 msomaji wa Kiswahili aliachiwa wengine wamfasirie Kitabu cha Mola wake.

NINI KIFANYIKE

Kwanza, khatibu asitamke istilahi ya Kiarabu mimbarini bila kuifungua kwa Kiswahili kilicho safi. Ikiwa hawezi kuifungua, basi yeye mwenyewe bado hajaielewa.

Pili, madrasa zetu zirejeshe nahau, na pamoja nayo sarufi ya Kiswahili, na kwa wakubwa misingi ya mantiki. Asiseme mtu kuwa Kiarabu si lugha yetu. Sibawayhi, imamu wa nahau, alikuwa Mwajemi.

Tatu, mwenye swali asifukuzwe, wala asiachiwe alitupe tu na kukaa. Aulizwe: kwa kuthibitisha unakusudia nini? Uthibitisho wa hesabu, wa jicho, au wa athari imwonyeshayo aliyeifanya? Ataona mwenyewe kuwa ametaka kumwona kwa jicho Yule ambaye dalili zake huonekana kwa kufikiri.

Kisha asomewe Surat at-Tur. Humo Allah (S.W.) anawauliza wenye kukanusha: waliumbwa pasipo kitu, au wao ndio waumbaji? (52:35). Ni hoja yenye mafungu, kila fungu huanguka lenyewe, na haikuazimwa kwa Wayunani. Jubair bin Mut'im alifika Madina akiwa bado mshirikina, kwa ajili ya mateka wa Badr. Alimsikia Mtume (S.A.W.) akiisoma sura hiyo, na alipofika hapo, Jubair alihadithia baadaye, moyo wake ulikaribia kuruka. Alikuwa mtu wa Kiarabu. Kila neno lilimfika.

Sala aliyoisikia ilikuwa ni Maghrib. Na yule kijana wetu naye alikuja Maghrib, akakaa karibu na nguzo, akanyosha mkono. Tumtafute, tumrudishe, tumjibu kwa lugha anayoielewa.

Wabillahi tawfiq.